Mtu Anahama, Sauti Haihami: Historia ya Stirio, na Jinsi ya Kuchagua Spika za TV Yako

Mwaka 1931 mhandisi mmoja wa London, Alan Dower Blumlein, alikwenda sinema na Doreen, ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe. Filamu zenye sauti zilikuwa bado ngeni, ni miaka michache tu tangu waigizaji waanze kuongea kwenye pazia. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi: Blumlein alikerwa na jambo ambalo wenzake ukumbini hata hawakuliwaza. Mwigizaji yuko kushoto mwa pazia, sauti yake inatoka kwenye spika moja. Anatembea kwenda kulia, sauti inabaki palepale. Mtu anahama, sauti haihami. Inasemekana alimwambia Doreen kwamba ana njia ya kulirekebisha hilo.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu swali la Blumlein ndilo swali unalopaswa kujiuliza ukiwa Kariakoo au Luthuli Avenue unatafuta spika za TV ya nyumbani. Muuzaji atakuambia kuhusu wati. Atakuonyesha taa zinazowaka kwa kufuata mdundo. Atakuhesabia maboksi: hii ni mbili kwa moja, ile ni tano kwa moja. Swali la msingi halitaji kabisa: je, sauti ya mtu itatoka pale ulipo mdomo wake, na nitaelewa anachosema?

Watu wengi hununua sabufa kubwa, nyumba inatikisika, na bado wanaulizana sebuleni, "Amesemaje?" Hela imeenda, tatizo limebaki. Ili tuelewe kwa nini inakuwa hivyo, turudi nyuma kidogo.

Masikio mawili, kazi moja

Funga macho, mwambie mtu apige makofi popote chumbani. Utaweza kumnyooshea kidole bila shida. Unafanyaje?

Mwaka 1907 mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, alieleza kwamba ubongo hutumia dalili mbili. Ya kwanza ni muda. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo sauti iliyo upande wa kulia hufika sikio la kulia kwanza, kisha inazunguka kichwa na kufika la kushoto ikiwa imechelewa kidogo. Ucheleweshaji mkubwa kabisa ni kama milisekunde 0.6 au 0.7, yaani hata sehemu moja ya elfu ya sekunde haifiki. Dalili ya pili ni nguvu. Kichwa chako kinaweka kivuli, kama nyumba inavyozuia jua, na sikio la upande wa pili linapata sauti hafifu. Kivuli hiki hufanya kazi vizuri kwa sauti nyembamba. Sauti nene, ambazo mawimbi yake ni marefu, hulizunguka kichwa kana kwamba halipo. Kwa hizo ubongo hutegemea zaidi muda.

Ubongo ni mkali mno kwenye kazi hii. Katika majaribio, watu wenye masikio mazuri huweza kutambua tofauti ya kama sehemu kumi za milioni ya sekunde. Hapo ndipo stirio inapopata nafasi yake: ukiweza kuudanganya ubongo kwa tofauti ndogo kama hizo, unaweza kuuonyesha mtu asiyekuwepo.

Simu mbili za Paris

Wa kwanza kuwaonjesha watu ladha hiyo hadharani hakuwa na spika kabisa. Mwaka 1881, kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Umeme jijini Paris, Clément Ader alipanga maikrofoni za simu mbele ya jukwaa la Opera, akavuta nyaya hadi kwenye jengo la maonyesho. Wageni walipanga foleni, wakashika visikilizio viwili, kimoja kwa kila sikio, vilivyounganishwa na maikrofoni tofauti. Wakasikia waimbaji wakisogea jukwaani. Kuanzia 1890 huduma hiyo ikawa biashara kwa jina la Théâtrophone.

Lakini ilikuwa sauti ya masikioni, ya mtu mmoja mmoja. Kuijaza sebule nzima, au ukumbi wa sinema, ilikuwa shughuli nyingine.

Blumlein na spika mbili

Tarehe 14 Desemba 1931 Blumlein aliwasilisha ombi la hataza ya Uingereza ambayo baadaye ilipewa namba 394,325. Alikuwa na miaka 28, akifanya kazi EMI, kampuni iliyozaliwa mwaka huohuo. Hataza hiyo ina madai 70. Neno "stirio" hakulitumia sana. Yeye aliita sauti ya masikio mawili.

Hebu tuone utamu wa wazo lake. Kwa visikilizio vya Paris, sikio la kulia lilisikia simu ya kulia peke yake. Lakini ukiweka spika mbili chumbani, kila sikio linasikia spika zote mbili. Ungedhani hilo linaharibu kila kitu. Blumlein aligundua kinyume chake. Ukitoa sauti ileile kwenye spika zote mbili kwa wakati mmoja, ila moja iwe na nguvu zaidi, sauti hizo mbili zinachanganyika kwenye kila sikio na kuzaa ile tofauti ya muda ambayo ubongo unaihitaji. Yaani tofauti ya nguvu kwenye spika inageuka kuwa tofauti ya muda kwenye masikio. Zikiwa na nguvu sawa, unasikia sauti ikitoka katikati, mahali pasipo na spika yoyote. Ukimsikia mtangazaji wa habari katikati ya kioo leo, ni udanganyifu huohuo unaoufurahia.

Hataza ile haikuishia hapo. Ilieleza maikrofoni mbili zilizopishanishwa mahali pamoja, mtindo ambao mafundi wa kurekodi wanautumia hadi sasa. Ilieleza pia namna ya kuandika njia mbili za sauti kwenye mfereji mmoja wa santuri: kila ukuta wa mfereji unabeba njia yake, na sindano moja inasoma zote. Mwaka 1934 timu yake ilirekodi okestra ya Sir Thomas Beecham ikifanya mazoezi ya Mozart kwenye studio za Abbey Road. Mwaka 1935 wakatengeneza filamu fupi za majaribio. Moja inaonyesha watu wakitembea jukwaani huku wakiongea, na sauti zao zinawafuata. Nyingine inaonyesha treni zikipita stesheni ya Hayes, karibu na maabara yao. Kero ya mwaka 1931 ilikuwa imepata dawa.

Halafu kazi ikasimama. Unajua kwa sababu gani? Televisheni.

EMI ilikuwa mbioni kuunda mfumo wa televisheni ya kielektroniki, na Blumlein alikuwa mmoja wa vichwa muhimu vya kazi hiyo chini ya Isaac Shoenberg. Tarehe 2 Novemba 1936 BBC ilifungua huduma yake ya televisheni Alexandra Palace, na mfumo wa mistari 405 wa Marconi-EMI ndio uliodumu. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyebuni stirio alisaidia kujenga televisheni, ila vitu hivyo viwili havikukutana mikononi mwake. Televisheni ikatoka na spika moja.

Vita ikaja. Blumlein akahamia kwenye rada. Tarehe 7 Juni 1942 ndege ya Halifax iliyokuwa ikijaribu rada mpya, H2S, ilianguka Herefordshire na kuua wote 11 waliokuwemo. Yeye alikuwa na miaka 38 na jumla ya hataza 128. Santuri za stirio zilipoanza kuuzwa madukani mwaka 1958, zilitumia mfereji wa kuta mbili aina ileile aliyoieleza mwaka 1931. Hakuishi kuiona hata moja dukani.

Wamarekani na spika ya tatu

Wakati Blumlein akihangaika Hayes, maabara za Bell huko Marekani zilikuwa na swali linalofanana lakini lenye mlaji tofauti. Tarehe 27 Aprili 1933 okestra ya Philadelphia ilipiga muziki ikiwa Philadelphia, na wasikilizaji wakausikiliza Washington, kwenye ukumbi wa Constitution Hall, kupitia nyaya za simu. Kiongozi wao maarufu, Leopold Stokowski, hakuwa na okestra yake usiku huo. Alikuwa Washington anarekebisha sauti. Njia zilikuwa tatu: kushoto, katikati, kulia.

Kwa nini tatu wakati mbili zinatosha? Kwa sababu ya viti vya pembeni. Ujanja wa Blumlein unamfaa aliyekaa katikati. Aliyekaa pembeni yuko karibu na spika moja, na hapo mambo yanaharibika. Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas alieleza sababu katika tasnifu yake ya Göttingen: sauti ileile ikitoka sehemu mbili, ubongo humwamini aliyefika kwanza. Ikitangulia kwa milisekunde moja tu hivi, basi unaisikia yote kama inatoka upande ule. Spika ya kweli katikati inamaliza ubishi, kwa sababu haitegemei umekaa wapi.

Sinema zilifuata njia hiyo. Fantasia ya Walt Disney, mwaka 1940, ilikuwa na njia tatu za sauti. The Robe ya mwaka 1953, filamu ya kwanza ya CinemaScope, ilikuwa na nne. Mwanzoni waliwafuata waigizaji kwa sauti kama Blumlein alivyotaka: akienda kulia, sauti inaenda kulia. Ila ikaonekana inasumbua. Kamera ikikata kutoka uso mmoja hadi mwingine, sauti inaruka huku na huku kama panzi. Taratibu desturi ikawa kuweka maongezi karibu yote katikati, na kuacha muziki na mazingira vitawanyike pembeni. Macho ya mtazamaji yanamalizia kazi: ukiuona mdomo unatembea, ubongo unaivuta sauti hadi pale, mradi isiwe mbali sana.

Kwa hiyo ukijaribu spika dukani, usitafute sauti inayotembea. Tafuta sauti inayotulia katikati ya kioo.

Mbona televisheni ilichelewa?

Redio ya FM ilipata stirio Marekani mwaka 1961. Televisheni ikasubiri miaka mingi zaidi. Japani ilianza mwaka 1978, Ujerumani Magharibi mwaka 1981, Marekani mwaka 1984. BBC ilizindua rasmi ya kwake, NICAM, mwaka 1991.

Kikwazo kikubwa kilikuwa TV ambazo tayari zilikuwa majumbani. Huwezi kuwaambia mamilioni ya watu watupe televisheni zao kwa sababu umebadilisha sauti. Suluhisho ni hesabu ya darasa la tano, na ni nzuri ajabu. Chukua kushoto na kulia, uvijumlishe: hiyo ni sauti kamili ya mono, irushe mahali palepale pa zamani. TV ya zamani inaipokea na haijui kama kuna kilichobadilika. Kisha chukua kushoto utoe kulia, ile tofauti uifiche pembeni kwenye masafa ambayo TV ya zamani haiyasikii. TV mpya inapokea zote mbili. Ikijumlisha jumla na tofauti inapata kushoto mara mbili. Ikitoa inapata kulia mara mbili. Basi, stirio imerudi.

FM ya mwaka 1961 ilifanya hivyo. Mfumo wa Marekani wa 1984 ulifanya hivyo, na ukabana nafasi ya njia ya ziada kwa lugha ya pili. NICAM ilikwenda njia nyingine: iliacha mono ya zamani kama ilivyo na kurusha stirio kwa tarakimu pembeni yake. Hata mfereji wa Blumlein una hesabu hiyohiyo ndani: sindano ikienda kando kwa kando inasoma jumla, ikienda juu na chini inasoma tofauti.

Huku kwetu safari ilikuwa na mwendo wake. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, Zanzibar mwaka 1973 na moja kwa moja ya rangi, Tanzania Bara mwaka 1994. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikamaliza mwaka 2015. Kwenye ving'amuzi vya digitali njia mbili za sauti ni jambo la kawaida. Mlango wa stirio ukafunguka kwenye kila sebule yenye king'amuzi.

TV zikakonda, sauti ikakonda nazo

Lakini wakati huohuo TV zenyewe zilibadilika umbo. Ile TV ya chogo, pamoja na uzito wake, ilikuwa na nafasi. Spika iliweza kukaa mbele, ikikutazama, ikiwa na boksi la kutosha nyuma yake. TV bapa haina hiyo nafasi. Kingo zake ni nyembamba kama kucha, kwa hiyo spika nyingi zimegeuzwa zikatazama chini au nyuma, ukutani. Unachosikia ni mwangwi wa ukuta na meza.

Kuna na sheria ya fizikia isiyo na huruma. Ili spika itoe sauti ya hezi 50 kwa nguvu ileile ya hezi 100, lazima isukume hewa mara nne zaidi. Ukitaka hezi 25, mara 16. Spika yenye ukubwa wa kijiko haina hewa hiyo. Hakuna programu wala kitufe kwenye rimoti kitakachoiumba.

Upana nao ni tatizo. Chukua TV ya inchi 43, ambayo kioo chake kina upana wa kama sentimita 95. Spika zake tuseme zimeachana sentimita 70. Ukikaa mita 3, zinafanya pembe ya kama nyuzi 13 tu machoni pako. Wahandisi wanaosikiliza stirio kwa makini huweka nyuzi 60. Kwa nyuzi 13, kushoto na kulia ni karibu kitu kimoja.

Sasa uchague nini?

Historia tuliyoipitia inakupa maswali ya kuuliza. Tuyachukue moja moja.

*Wanatazama wangapi, na wanakaa wapi?* Hili litangulie kabla ya bei. Kama mnatazama mmoja au wawili, mkiwa mbele ya TV, wewe ni mteja wa Blumlein: spika mbili nzuri, moja kila upande wa kioo, zitakupa zaidi ya kitu kingine chochote cha bei hiyo. Ukikaa mita 3, ziachanishe kama mita 2. Unapata nyuzi 37, zinatosha kwa TV bila sauti kuiacha picha mbali. Ziwe kimo cha masikio ya mtu aliyekaa, si juu ya kabati.

Kama sebule imejaa watu, bibi kwenye kochi la pembeni na watoto kwenye mkeka, wewe ni mteja wa maabara za Bell. Piga hesabu: spika zimeachana mita 2, na mtu amekaa mita 3 kutoka kwenye mstari wake, sawia na spika ya kulia. Ya kulia iko mita 3.0, ya kushoto mita 3.6. Tofauti hiyo ya sentimita 60 ni karibu milisekunde 1.8. Haas ameshatuambia: kwake mtangazaji atahamia kulia kabisa, na kioo kitabaki na picha isiyo na sauti. Hapo saundibaa yenye spika ya katikati ya kweli ina faida. Uliza: "Ina njia tatu, au ni mbili zilizowekwa kwenye boksi moja?" Ikiwa ni mbili, umenunua nyuzi 13 zilezile kwa bei ya juu, ingawa spika zake angalau zitakuwa zinakutazama. Kama tayari una spika mbili, zigeuze kwa ndani zaidi, mistari yake ikutane mbele ya watazamaji. Aliye pembeni anakuwa nje kidogo ya shabaha ya spika iliyo karibu naye na ndani ya ile ya mbali, na hiyo inapunguza mvuto.

*Sabufa ni ya nini?* Sabufa ni ya sauti nene, na huko ndiko inakofaa. Wimbi la hezi 80 lina urefu wa zaidi ya mita 4, kwa hiyo masikio hayalitambui vizuri limetoka wapi, na sabufa inaweza kukaa popote penye nafasi. Shida ni seti ambazo spika zake ndogo ni ndogo mno, kiasi kwamba sabufa inalazimika kubeba hadi hezi 200. Sauti ya mwanamume huanzia kama hezi 85 hadi 180. Matokeo yake kifua cha msomaji wa habari kinatokea kwenye kona, nyuma ya pazia, na meno yake kwenye TV. Hii ndiyo siri ya "Amesemaje?" Ukijaribu seti, zima muziki na uweke taarifa ya habari. Kama sauti ya mtu inabadilika kuwa ngurumo, achana nayo. Na ukiiweka kwenye kona, kuta zinaiongezea mngurumo. Isogeze nje kidogo kabla hujaanza kumlaumu fundi.

*Waya gani?* Seti ya "tano kwa moja" ukiiunganisha kwa nyaya nyekundu na nyeupe inapokea njia mbili tu. Yale maboksi mengine yanagawiwa nakala. Kama ndivyo utakavyounganisha, kanunue mbili nzuri badala ya tano dhaifu. Waya wa mwanga au HDMI yenye maandishi ARC inabeba zaidi, na ARC inakuwezesha kutumia rimoti moja. Ukiunganisha ukasikia kimya, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV uchague PCM. Mara nyingi kifaa kilikuwa kinapewa lugha kisichoijua.

Bluetooth ni rahisi, lakini ina kuchelewa. Shirikisho la watangazaji wa Ulaya, EBU, linataka sauti isitangulie picha kwa zaidi ya milisekunde 40, wala isichelewe zaidi ya 60. Bluetooth ya kawaida huweza kuchelewa zaidi ya milisekunde 100. Baadhi ya TV huchelewesha picha ili zilingane. Nyingine hazifanyi hivyo, na mdomo unafunga kabla neno halijaisha. Jaribu kabla ya kulipa.

*Wati ngapi?* Hili ndilo swali la kwanza la muuzaji, na kwetu ni la mwisho. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, badiliko dogo. Ili sikio lione sauti imekuwa kama mara mbili, unahitaji wati mara kumi hivi. Na ukiona namba kubwa yenye herufi PMPO, ipite. Haina kipimo kinachokubalika. Tafuta RMS. Kwa sebule ya kawaida, wati 20 au 30 za kweli kwa kila spika zinatosha na chenji inabaki.

*Chumba kikoje?* Vigae chini, saruji ukutani, madirisha ya vioo: kila neno linarudi mara kadhaa na kulifunika linalofuata. Zulia na pazia zito ni vifaa vya sauti, ingawa haviuzwi duka la elektroniki. Kabla hujatoa laki tatu, jaribu zulia.

Jaribio la dakika moja

Ukishafunga, weka taarifa ya habari, kaa katikati, fumba macho. Msomaji yuko wapi? Akiwa katikati, katika sehemu nyembamba unayoweza kuinyooshea kidole, umefaulu. Akiwa kama ametawanyika chumbani na besi imepotea, yaelekea umegeuza nyaya za spika moja: nyekundu imekwenda kwenye nyeusi. Spika moja inasukuma hewa huku nyingine inaivuta, na kile kilichopaswa kujumlishwa kinatolewa. Ni hesabu ileile ya jumla na tofauti, imekugeukia. Geuza waya, gharama ni sifuri.

Sasa mpishe kitini yule asiyesikia vizuri. Kama nyumbani kuna mtu ambaye sikio lake moja limechoka, tafuta "mono" kwenye mipangilio ya TV. Kwake yeye stirio inaweza kumficha nusu ya mazungumzo, na hakuna aibu kurudi kwenye spika moja. Seti nzuri ni ile inayomfanya mtu wa kiti kibaya kuliko vyote aache kuuliza "Amesemaje?" Blumlein alianza na kero ya mtu mmoja ukumbini. Wewe anza na ya mtu mmoja sebuleni kwako, halafu ndio uende dukani.